Kaskazini ipi? Kuhusu kupata pointi ya mbali kwa GPS ya mkononi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi na wenzangu wawili hapa Mbeya tumeanza kucheza geokeshi, mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kutumia GPS. Kidokezo cha mwisho kilisema tutoke S 08° 54.500' E 033° 27.200', twende mita 640 kwa digrii 218. Tuliingiza namba hizo hizo kwenye vifaa vitatu vya mkononi na kila kimoja kikatupeleka kwake. Cha pili kilitofautiana na cha kwanza kwa mita kama 25 hadi 30, kushoto kwetu tulipokuwa tukielekea huko. Cha tatu, ambacho tuliazima kwa rafiki anayepima mashamba, kilitupeleka zaidi ya mita 200 kusini ya vile viwili. Je, vifaa vimeharibika? Na tufanyeje ili pointi itoke sahihi?

Jibu: Marahaba. Nianze na jambo litakalowaokolea fedha: hakuna dalili kwamba kifaa chochote kati ya hivyo vitatu kimeharibika, wala hamna haja ya kununua kipya. Kupata pointi ya mbali, yaani kukipa kifaa mahali pa kuanzia, umbali na uelekeo ili kikupe mahali pa kuishia, ni hesabu nyepesi ambayo hata vifaa vya miaka mingi iliyopita huifanya vizuri. Kinachokosewa ni yale ambayo kifaa huchukulia kwamba mmekwisha kukubaliana: kaskazini inayohesabiwa ni ipi, namba za mahali zimeandikwa kwa datumu gani (yaani makubaliano gani ya kuipima dunia), na safari inaanzia kwenye namba zilizoandikwa au pale miguu yenu iliposimama. Maelezo yako yanatosha kuonyesha tatizo la kila kifaa.

Tuanze na kile cha pili. Digrii 218 hazina maana mpaka useme zimehesabiwa kutoka wapi. Kuna kaskazini halisi, inayoelekea kwenye ncha ambayo dunia inaizunguka. Kuna kaskazini ya sumaku, ambayo sindano ya dira huifuata. Na kuna kaskazini ya gridi, ambayo ni ile mistari ya wima iliyochorwa kwenye ramani. Karibu kila kifaa cha GPS cha mkononi kina sehemu ya mipangilio ya uelekeo inayokuruhusu kuchagua mojawapo, na ulichochagua hapo hutumika katika kuonyesha uelekeo na pia katika kukokotoa pointi ya mbali. Kwa kuwa katika nyanda za juu kusini sindano ya sumaku huelekea digrii chache magharibi ya kaskazini halisi, mtu anayekwenda digrii 218 za sumaku kwa kweli anakwenda digrii pungufu kidogo, na pointi yake huangukia kushoto ya ile ya digrii 218 halisi. Kosa la digrii moja katika mita 640 husogeza pointi kwa mita 11 hivi. Digrii mbili na nusu zinafika mita 28. Umbali mlioukuta na upande mlioukuta vyote viwili vinakubaliana na maelezo hayo. Fungueni mipangilio ya kifaa hicho na nina hakika kubwa mtakuta kimewekwa kwenye kaskazini ya sumaku, wakati cha kwanza kimewekwa kwenye kaskazini halisi.

Katika mchezo huu desturi ni kwamba uelekeo usiofafanuliwa huhesabiwa kutoka kaskazini halisi. Desturi hiyo ina sababu nzuri, kwa maana kaskazini ya sumaku haikai mahali pamoja. Kielelezo cha sumaku ya dunia ambacho vifaa hivi hukitegemea hutolewa upya kila baada ya miaka 5. Kilichopo sasa ni cha mwaka 2025, na kimekusudiwa kutumika hadi mwisho wa 2029. Kikasha kilichofichwa leo kwa digrii za sumaku kitaendelea kusogea kidogo kidogo katika hesabu za watakaokitafuta baadaye, ijapokuwa chenyewe kimetulia chini ya jiwe. Kwa sababu hiyo hiyo, msichukue mkengeuko wa sumaku, yaani tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, kutoka pembeni mwa ramani ya karatasi iliyochapishwa miongo kadhaa iliyopita na kuuingiza kwenye kifaa kwa mkono.

Kaskazini ya gridi nitaipitia haraka, kwa sababu kwenu Mbeya haina madhara makubwa. Mji wenu uko karibu sana na meridiani (mstari wa longitudo) ya digrii 33, ambayo ndiyo mstari wa kati wa kanda ya 36 ya UTM, gridi ya ramani inayoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita, na hapo kaskazini ya gridi na kaskazini halisi zinapishana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Mkienda Iringa mjini, tofauti hiyo inafika kama theluthi moja ya digrii, sawa na mita 6 kwa kila kilomita, na hapo inaanza kuhesabika. Aidha, barabara ya kutoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni inavuka meridiani ya digrii 36, ambako kanda ya 36 inaishia na ya 37 inaanza; mtu anayejumlisha na kutoa namba za UTM kwa mkono akiwa na pointi moja upande huu na nyingine upande ule atapata jibu la ajabu kabisa.

Kifaa cha tatu kina kisa kingine, na kazi ya mwenye nacho inatusaidia kukielewa. Ramani za Tanzania za mizani ya 1:50,000, ambazo wapimaji na maofisa wa misitu wamezitumia kwa miaka mingi, zilichorwa kwa datumu iitwayo Arc 1960. GPS yenyewe hufanya kazi kwa datumu ya WGS84, na namba za geokeshi huandikwa kwa WGS84. Datumu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali ambapo mistari ya latitudo na longitudo inaanzia, kwa hiyo namba zile zile zikisomwa kwa datumu mbili tofauti huangukia mahali pawili tofauti ardhini. Kwa eneo lenu, namba za WGS84 zikiingizwa kwenye kifaa kilichowekwa Arc 1960, pointi huruka zaidi ya mita 200, sehemu kubwa ikiwa kuelekea kusini, jambo ambalo ndilo mlilolikuta. Rafiki yenu hakukosea kitu. Aliweka kifaa chake kiendane na ramani zake. Kabla ya kukitumia badilisheni datumu kuwa WGS84, na kabla ya kukirudisha kirejesheni kilivyokuwa, maana akienda shambani nacho bila kujua, mpaka wa mtu unaweza kuhama.

Muda wa kubadilisha datumu nao una umuhimu wake. Ukiingiza namba kwanza, kisha ukabadilisha datumu, kifaa hakitahamisha pointi. Kitabadilisha namba zinazoonekana tu ili ziendane na mahali pale pale palipokosewa. Kwa hiyo futeni ile pointi ya zamani na kuiandika upya baada ya kubadilisha.

Sasa kuhusu mahali pa kuanzia, ambapo naona ndipo wachezaji wengi makini huteleza. Vifaa vingi vina njia ya mkato ya kukokotoa pointi kutoka pale uliposimama, na inavutia kuitumia mkiwa mmefika kwenye jiwe au mti uliotajwa. Msifanye hivyo. Kifaa cha mkononi mahali pa wazi hukosea mita 3 hadi 5 kwa kawaida, na chini ya miti au kando ya ukuta wa mlima hukosea zaidi ya hapo. Kosa hilo lote mnalihamisha hadi mwisho wa safari, kisha mkifika huko mnaliongezea kosa jingine la aina hiyo hiyo. Namba zilizoandikwa kwenye kidokezo hazina kosa hilo, kwa sababu aliyekificha kikasha naye alianzia kwenye namba hizo hizo. Andikeni S 08° 54.500' E 033° 27.200' kwa vidole, ihifadhini kama pointi, ifungueni, kisha kwenye orodha yake ya kazi chagueni ile ya kukokotoa pointi ya mbali, muingize uelekeo na umbali. Hamhitaji hata kuwa mlimani. Mnaweza kuyamaliza yote mezani mkinywa chai.

Ni pale tu kidokezo kinaposema "anzia kwenye nguzo hii" bila kutoa namba ndipo mnalazimika kupima wenyewe. Katika hali hiyo tumieni kazi ya wastani, ambayo kifaa hukusanya vipimo vingi na kuvipatanisha. Kukaa dakika kumi mfululizo kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa setilaiti zinakuwa bado ziko karibu pale pale angani na kosa linabaki la upande ule ule. Watengenezaji wa vifaa vya Garmin hushauri kupima mara 4 hadi 8, huku kila kipimo kikitenganishwa na kingine kwa angalau dakika 90. Anayeficha kikasha anapaswa kufuata ushauri huo. Anayekitafuta hana haja ya kujitesa kiasi hicho.

Njia bora ya kukihakiki kifaa ni kuifanya hesabu yenyewe kwa kalamu, nayo si ngumu. Katika latitudo ya Mbeya, dakika moja ya latitudo ardhini ni mita 1,843, na dakika moja ya longitudo ni mita 1,833. (Kwa Iringa mjini ni 1,843 na 1,838.) Chukueni umbali wenu, mita 640, muuzidishe kwa kosaini ya 218, mpate mita 504.3 kuelekea kusini. Uzidisheni tena kwa saini ya 218, mpate mita 394.0 kuelekea magharibi. Gawanyeni 504.3 kwa 1,843 mpate dakika 0.274, kisha gawanyeni 394.0 kwa 1,833 mpate dakika 0.215. Hapa kuna mtego wa sisi tunaoishi kusini ya ikweta: mifano mingi mtakayoikuta imeandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini, ambao wakienda kusini latitudo yao hupungua, ilhali yetu huongezeka. Basi 54.500 inaongezewa 0.274 na kuwa 54.774, na longitudo 27.200 inapunguzwa 0.215 na kuwa 26.985. Jibu lenu ni S 08° 54.774' E 033° 26.985'. Kifaa chenye kaskazini halisi na WGS84 kinapaswa kutoa namba hizo, pengine kwa tofauti ya tarakimu moja ya mwisho, ambayo haifiki mita 2.

Mtasikia watu wakitumia mita 1,852 kwa kila dakika ya latitudo, kipimo cha maili ya baharini. Kwa mita 640 kosa lake ni kama mita 2 tu, nanyi hamtaligundua. Lakini dunia si tufe kamili. Imebonyea kwenye ncha, na karibu na ikweta dakika ya latitudo huwa fupi kuliko huo wastani. Mtu akikokotoa kilomita 3 kuelekea kaskazini kutoka Mbeya kwa kutumia 1,852 atakosea mita 14. Baadhi ya programu za simu huichukulia dunia kama tufe la nusu kipenyo cha kilomita 6,371, na kwetu zinakosea kama nusu asilimia katika safari za kaskazini na kusini. Kwa hiyo kidokezo kikiwa cha kilomita kadhaa, aminini kifaa cha GPS kuliko programu msiyojua inavyohesabu.

Angalieni pia mwandiko wa namba. 54.774 ni dakika na sehemu za elfu za dakika. Si dakika 54 na sekunde 77, kwani sekunde haziwezi kuzidi 59. Kwa sekunde ingekuwa dakika 54 na sekunde 46.4, na kwa digrii za desimali ingekuwa 8.91290 kusini. Kifaa kikiwa kimewekwa kwenye mfumo mmoja nanyi mkaandika kwa mwingine, hakitalalamika. Kitawapeleka kokote mlikokiambia. Hakikisheni pia kwamba umbali unaingizwa kwa mita. Vifaa vingine vikiwa kwenye kilomita huonyesha desimali mbili tu, na hapo mita 647 zinageuka 0.65, mkapoteza mita 3 bila sababu.

Mkishaipata pointi, ipimeni kinyume: kiambieni kifaa kipime kutoka pointi mpya hadi ile ya kuanzia. Inapaswa kusoma mita 640 na digrii 38, ambazo ni 218 ukitoa 180. Ikisoma vingine, kuna namba mmeigusa vibaya.

Kutoka mezani kwenda mlimani mambo hubadilika kidogo. Umbali wa GPS ni wa usawa, kama unavyopimwa kwenye ramani, haufuati mteremko. Anayeshuka kutoka mlima Loleza kwenye mteremko wa digrii 30 akapima mita 100 kwa kamba, kwenye ramani amekwenda mita 87 tu. Kwa hiyo msihesabu hatua katika milima yenu. Kiacheni kifaa kiseme umebaki umbali gani. Chini ya misonobari ya Sao Hill kule Mafinga, au ndani ya msitu wa Rungwe, namba za umbali hurukaruka. Hapo rudini nyuma mita 30 au 40 hadi penye uwazi, tulieni kidogo, kisha mwingie tena kutoka upande mwingine. Mahali ambapo mielekeo miwili au mitatu ya namna hiyo inakutana panaaminika kuliko mshale unaozunguka ukiwa umesimama. Mashamba ya chai ya Tukuyu hayana shida hiyo. Anga iko wazi, na kifaa hufanya kazi kwa raha.

Vipo vifaa vyenye dira ya kielektroniki ambavyo hukuruhusu kulenga kilele kwa macho, kufunga uelekeo, kisha kukokotoa pointi kwa huo uelekeo. Ni kazi ya kupendeza, lakini si ya kutegemea pale usahihi unapotakiwa. Dira hizo huweza kukosea digrii 5, na kwa umbali wenu wa mita 640 hiyo ni mita 56. Huvurugwa na gari, na funguo, hata na miamba ya volkano ambayo nyanda zetu zimejaa. Atakayejaribu kulenga kwa dira akiwa karibu na kile kimondo cha Mbozi, ambacho ni bonge la chuma la urefu wa mita 3 hivi, atastahili majibu atakayoyapata. Isawazisheni dira kila mnapobadilisha betri, mkiwa mbali na vyuma, lakini itumieni kwa kuelekeza uso tu. Pointi iliyokokotolewa kwa namba zilizoandikwa haihitaji dira hata kidogo.

Limebaki suala la anayeandika vidokezo, kwa kuwa hesabu ya msakaji haiwezi kuwa sahihi kuliko ilivyoandikwa. Uelekeo ukitolewa kwa digrii kamili bila desimali, aliyeuandika ameacha nafasi ya nusu digrii kila upande, ambayo kwa mita 640 ni mita 5 na nusu. Ongezeni kosa la kifaa chake siku alipoficha na la kwenu siku mnapotafuta, na mtaona kwamba kusaka ndani ya duara la mita 10 hivi kuizunguka pointi ni haki yenu, wala si uzembe. Siku mtakapoficha cha kwenu, pimeni kwanza mahali kilipo kwa wastani, kisha mkiachie kifaa kitoe uelekeo na umbali kutoka pointi ya kuanzia, muuandike uelekeo kwa desimali moja na kutaja wazi kwamba ni wa kaskazini halisi. Na ikiwa umbali unazidi kilomita moja, wapeni watu namba za mahali moja kwa moja, au muuvunje katika hatua mbili fupi.

Kwa hicho kikasha chenu, nendeni S 08° 54.774' E 033° 26.985' na msake ndani ya mita 10. Msipokipata, kabla ya kupanua duara mwulizeni aliyekificha swali moja: digrii zake alizitoa kwenye GPS au kwenye dira ya sindano? Akisema dira, rudini mahali ambapo kifaa cha pili kiliwapeleka, na hapo duara lenu liwe kubwa zaidi, kwa sababu mkono ulioshika dira ya sindano mara chache husoma kwa usahihi wa chini ya digrii mbili.